KUCHAGUA KAMERA YA KOMPYUTA KWA VIKAO VYA VIDEO

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa wanachama wa Kitui na Makueni uliofanyika Emali. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamuni siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliostaafu, mama zetu, na ndugu wanachama wote,

Kamati imetutuma tuseme juu ya kamera ya kompyuta ambayo tawi linataka kununua kwa fedha za michango yenu. Fedha ni zenu, kwa hiyo ni haki yenu kujua zitanunua nini, na kwa nini kitu hiki na si kile. Tumeambiwa tusipite nusu saa, kwani wengine wenu mna zamu ya usiku.

Kwanza yafaa tujue kazi ya kamera hiyo. Hatuinunui ili tutazamane na jamaa walioko ng'ambo, ingawa jambo hilo si baya. Twainunua kwa sababu siku hizi mfanyakazi huitwa kujitetea mbele ya kompyuta. Zamani mtu akiandikiwa barua ya kujieleza alisafiri mpaka Nairobi au Mombasa, akaketi mbele ya meza ya wakubwa, wakamwona uso kwa uso. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, Mahakama zilipunguza vikao vya kawaida na kuanza kusikiza kesi kwa video. Waajiri nao walifuata njia hiyo hiyo. Korona ilipotulia desturi haikutulia. Barua bado huja ikiwa na siku, saa, na anwani ya mkutano wa video. Mtu wa Mtito Andei hana haja tena ya kusafiri zaidi ya kilomita mia mbili kwenda Nairobi kusikizwa, na hilo ni jema kwa mfuko wake. Lakini wale wanaomwamua hawamjui ila kwa picha na sauti inayowafikia. Picha ikiwa mbaya, kesi yake ni mbaya.

Mtasema twatia chumvi. Basi sikieni habari ya mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala mwajiri wake. Aliitwa kwenye kikao cha nidhamu saa sita mchana, akakaa katika nyumba ya ndugu yake huko upande wa Mutomo, na mjumbe wetu ameketi karibu naye. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi na jua la Ukambani mnalijua. Upande wa pili wakubwa waliona kivuli cheusi mbele ya mwanga mweupe. Sauti ilipiga bati na kurudi. Waliuliza swali mara tatu, naye alijibu mara tatu, nao hawakusikia. Kumbukumbu za kikao zilipokuja tukasoma maneno mawili yaliyotuchoma: kwamba mfanyakazi alikataa kujibu wazi, na kwamba mjumbe wa chama hakuhudhuria. Mjumbe alikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho! Ila kamera ilikuwa nyembamba, haikumwona. Ilitupasa kuandika barua nne mpaka maneno hayo yakaondolewa.

Sasa linganisheni jambo hilo na sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kuwa mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa makosa, kwa utendaji mbaya, au kwa kutojiweza kimwili, hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa. Tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama wa hapo kazini anayemchagua mwenyewe, wakati anapoelezwa. Na mwajiri hana budi kuwasikiliza wote wawili. Basi hesabuni: mshtakiwa mmoja, mjumbe mmoja. Na kama ni mzee wetu wa njia, asiyetaka kukamatwa na maneno ya Kiingereza, atahitaji mtu wa kumfasiria kwa Kikamba. Hao ni watu watatu mbele ya kamera moja. Kamera nyingi za laptopu zimetengenezwa kwa mtu mmoja aliyeketi peke yake ofisini.

Kwa sababu hiyo kamati ilianza na upana, si na namba kubwa zilizoandikwa kwenye sanduku. Upana wa kuona hupimwa kwa digrii. Ziko kamera zinazoona digrii 55 au 60, ziko za 78, ziko za 90. Angalieni jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: mara nyingi digrii hizo hupimwa toka pembe ya juu mpaka pembe ya chini ya upande wa pili, si toka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo upana wenyewe ni mdogo kuliko namba. Sisi tulichukua futi ya kupimia, tukaweka kamera mezani, tukasimama mita moja mbele yake. Kamera ya digrii 55 haikufikisha mita moja toka ukingo hadi ukingo. Mabega ya watu wazima wawili hayaenei hapo, labda wakumbatiane. Kamera ya digrii 78 iliona kama mita moja na robo tatu ya nusu yake, yaani sentimita 140 hivi, na watu wawili walikaa kwa starehe. Ya digrii 90 huona kama sentimita 170, na hapo wa tatu hupata kiti. Msiende mbali zaidi ya hapo. Kamera pana mno hufanya nyuso ziwe ndogo kama za abiria waliosimama mwisho wa jukwaa la stesheni, na walio pembeni huvutwa uso ukawa mrefu.

Ya pili ni mwanga, na hapa twaomba uvumilivu wenu kwa maana ndipo watu wengi hupoteza fedha. Kamera haina akili ya kujua kwamba uso ndio jambo kubwa. Yenyewe hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hujifunga au hujifungua kadiri ya jumla hiyo. Mlango ukiwa wazi nyuma yako, au ukuta uliopakwa chokaa juzi, kamera huona mwanga mwingi, hujifunga, na uso wako huzama gizani. Uso mweusi huzama zaidi. Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2009 huko Marekani, wafanyakazi wawili wa duka, mmoja mweusi na mmoja mweupe, walijipiga picha mbele ya kompyuta ya HP yenye kamera iliyosemekana kufuata uso wa mtu anapotembea. Kamera ilimfuata yule mweupe kulia na kushoto. Kwa yule mweusi haikusogea hata kidogo. Watu wengi walitazama picha hiyo ulimwenguni, na kampuni ikajibu kwamba shida ilikuwa upungufu wa mwanga mbele ya uso. Wengi hawakulipenda jibu hilo, na sisi pia hatukulipenda, kwa kuwa chombo kinachouzwa kwa watu wote kingepimwa kwa watu wote. Lakini dawa waliyoitaja ni ya kweli: mwanga uwe mbele ya uso.

Ninyi madereva mwalijua jambo hili kabla yetu. Asubuhi jua likiwa chini nyuma ya signali, mlingoti waonekana lakini rangi ya taa yakataa kuonekana. Hakuna anayesema tununue mlingoti mrefu zaidi.

Kwa hiyo geuzeni meza. Dirisha liwe mbele yenu, nyuma ya kompyuta. Jua likiwa kali, tungikeni shuka jeupe dirishani ili mwanga uingie kwa upole. Kikao kikiwa jioni, taa moja ya LED iwekwe nyuma ya kompyuta, juu kidogo ya macho, nayo yafaa kuliko kamera ya bei mara mbili. Tena kwenye giza kamera nyingi hupunguza picha zake, badala ya picha 30 kwa sekunde hupiga 15, ili kila moja ipate muda wa kula mwanga. Ndiyo maana mtu aliye gizani akitikisa mkono mkono huacha mkia. Na mkiona mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, tafuteni katika mipangilio mahali palipoandikwa 50 na 60. Umeme wa Kenya ni wa 50. Mashine nyingine huja zimewekwa 60, za Marekani.

Sasa tuje kwenye zile namba ambazo vijana wetu huzipenda. Picha iitwayo 720 ina nukta 1,280 kwa 720, jumla karibu laki tisa na elfu ishirini. Iitwayo 1080 ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Iko na ya 4K, yenye nukta zaidi ya milioni nane. Ya 4K tuiache kwa watu wa sinema. Maana picha haiishii kwenye kamera, yasafiri. Ni kama mzigo na njia: behewa likiwa zito kuliko daraja, treni haipiti. Kampuni ya Zoom imeandika kuwa mazungumzo ya watu wawili kwa picha ya 720 yahitaji kasi ya megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Ya 1080 yahitaji megabiti 3.8 kwenda na 3 kurudi. Tukifanya hesabu, saa moja ya 720 hula kama gigabaiti moja ya bando, na saa moja ya 1080 hula kama tatu. Tena katika mkutano wa watu wengi programu yenyewe mara nyingi huipunguza picha. Mjini Kitui au Wote labda hamtasikia shida. Lakini mtu aliye Mutha, au bondeni ambako simu hushika mtandao mpaka apande juu ya mwamba, picha nzito itamkatia maneno katikati. Kwa hiyo twasema: 720 ya kweli yatosha kwa kazi yetu. Tukinunua ya 1080, sababu yake iwe upana na lenzi nzuri, si nukta, na siku ya kikao tutaishusha.

Tumesema 720 "ya kweli". Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, na hata kwa wachuuzi wa sokoni, mtaona masanduku yameandikwa megapikseli 20, wengine wameandika hata zaidi. Ndani mna kipande kidogo chenye nukta chache, na programu huzitanua kama mtu anayeongeza maji katika uji. Uji huwa mwingi, njaa haitoki. Njia ya kumjua mwongo ni kuijaribu kamera papo hapo dukani. Ichomekwe kwenye kompyuta, ifunguliwe programu ya kamera, mtazame kwenye mipangilio ukubwa wa video unaotolewa, kisha mtu ashike gazeti umbali wa mkono mmoja. Kama vichwa vya habari vyasomeka lakini mistari midogo imekuwa ukungu, mnajua mmepata nini. Muuzaji akikataa kufungua sanduku, mwageni kwa heri.

Hapo kwenye gazeti tuongeze neno. Ziko kamera ambazo lenzi yake imefungwa mahali pamoja, haiwezi kujirekebisha kwa kitu cha karibu. Kwa uso zinatosha. Lakini mshtakiwa akitaka kuinua karatasi ya zamu, au barua yenye muhuri, aseme "hii hapa", wakubwa wataona karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Kamera inayojirekebisha yenyewe itaisoma. Hasara yake ni kwamba zile duni hutafuta tafuta, mara wazi mara ukungu, na kumchosha atazamaye. Kwa kawaida hati zitumwe mapema kwa baruapepe, na mjumbe aombe jibu kwamba zimefika. Kuinua karatasi mbele ya kamera ni akiba ya mwisho.

Juu ya sauti hatutasema mengi, ingawa yastahili mengi. Mtu akionekana vibaya na kusikika vizuri, ataeleweka. Kinyume chake hakuna faida. Maikrofoni iliyo ndani ya kamera husikia vizuri mtu aliye karibu, kisha husikia pia kuku, lori, na bati. Na mvua ya Novemba ikipiga mabati hakuna maikrofoni itakayoshinda. Afadhali mjumbe aombe dakika kumi, na ombi liandikwe. Visikizi vya masikioni ni vizuri sana kwa mtu mmoja. Kwa watu wawili au watatu havifai, kwani mjumbe hatasikia swali. Kamati yapendekeza spika ndogo ya mezani yenye maikrofoni ndani yake, iwekwe katikati, na mablanketi mawili yatungikwe ukutani kuua mwangwi.

Kuna mambo madogo ya kutazama. Kamera iwe ya waya wa USB na iwe ya namna ile inayotambuliwa na kompyuta mara ichomekwapo, bila kutafuta programu ya kuiendesha. Iwe na tundu la skurubu chini, ili ikae juu ya miguu mitatu, maana kamera iliyowekwa chini huwaonyesha wakubwa matundu ya pua yako. Iwe sawa na macho. Kreti ya soda itawasaidia kuinua laptopu. Iwe na kifuniko. Kikao kikiisha, ifunikwe, kwa kuwa ofisi ya chama ina siri za watu. Na vumbi jekundu la Makueni lipanguswe kwa kitambaa laini, si kwa mkono wa ovaroli.

Ndugu mmoja wa Kibwezi aliuliza: kwa nini tununue, nasi tuna simu? Ni swali zuri. Simu nyingi za siku hizi zina kamera bora kuliko kamera za bei ndogo za kompyuta, na ziko programu kama DroidCam ambazo huifanya simu kuwa kamera ya kompyuta. Aliye na simu nzuri aifunge imara, azuie simu zinazoingia, nayo itamfaa. Lakini tawi haliwezi kutegemea simu ya mtu. Siku ya kikao simu hiyo itakuwa mfukoni mwa mwenyewe, naye atakuwa ndani ya treni.

Twaomba mpumzike kidogo kwa kisa. Wengi husimulia kwamba kamera ya kwanza ya namna hii iliwekwa mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kompyuta walichoka kupanda na kushuka ngazi kwenda kunywa kahawa, wakifika birika ni tupu. Wakaelekeza kamera kwenye birika, ili kila mtu atazame mezani pake kama kahawa ipo. Picha yake ilikuwa ya nukta 128 kwa 128, bila rangi. Ilitosha kabisa, kwa sababu walijua walichotaka kukiona. Ilizimwa mwaka 2001.

Basi kamati imefikia hapa. Tumezikopa kamera mbili, nazo zinapita mikononi mwenu. Ile ndogo ni Logitech C270, ya 720, nyembamba. Ile ndefu ni C920, ya 1080, digrii 78, inayojirekebisha. Bei ya pili ni mara mbili hata mara tatu ya ile ya kwanza, kufuatana na duka. Wako wanakamati waliotaka mbili za kwanza, moja ya Kitui na moja ya Makueni, na hoja yao ina nguvu: Kitui haina hata stesheni moja ya reli, lakini watu wake wametapakaa njiani kote, na wakiitwa wakiwa likizoni huko nyumbani hawawezi kuja Emali kwa saa moja. Wengi wetu tumeona kwamba kamera isiyomwonyesha mjumbe ni hatari hata zikiwa mbili. Kwa hiyo twapendekeza inunuliwe moja ya digrii 78, pamoja na taa na spika ya mezani. Ikae Emali, na ipelekwe Kibwezi kwa treni, na kutoka hapo kwa barabara ya lami ya Mutomo mpaka Kitui, siku moja kabla ya kikao. Fedha zikipatikana tena, ya pili iwe ya Kitui.

Mwenye barua ya kuitwa ampigie katibu simu mara aipatapo, asingoje juma la mwisho. Kamera ijaribiwe mahali palepale na saa ileile ya kikao, siku moja mbele, kwa maana jua la saa tatu si jua la saa sita. Laptopu na kifaa cha intaneti vijazwe umeme usiku, kwa ajili ya stima kupotea. Kikao kikianza, neno la kwanza la mjumbe liwe kumwuliza mwenyekiti wa kikao: mwatuona sote, na mwatusikia? Ahesabu watu kwa majina. Jibu liandikwe katika kumbukumbu, na dakika lilipotolewa iandikwe.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa imekwisha. Maswali yaanzie kwa walioketi nyuma, kwani kamera bado hazijawafikia.